Maandalizi ya Jumamosi: ESP32 na waifai
Habari za jioni wanakikundi. Jumamosi saa 4 asubuhi tunakutana palepale Sinza kuunganisha bodi zetu za ESP32, yaani vibodi vidogo vya kielektroniki vinavyoendeshwa kwa programu tunazoandika, na waifai. Jambo moja nawaomba sana mlizingatie: ESP32 hizi za kawaida zinatumia masafa ya 2.4 GHz tu. Hotspoti ya simu ikiwa kwenye 5 GHz, bodi haitaiona kabisa, hata nenosiri liwe sahihi. Ibadilisheni iwe 2.4 GHz kwenye mipangilio ya simu mkiwa bado nyumbani. Wenye iPhone washeni "Maximize Compatibility", ndiyo inayoiweka hotspoti kwenye 2.4 GHz. Jina la mtandao liandikwe kwenye kodi ya programu vilevile lilivyo, herufi kubwa na ndogo. Waya wa USB uwe wa kupitisha data. Zile za bei poa Kariakoo, nyingi zinachaji tu, jaribuni kabla ya kulipa. Asiye na bodi aje, tutashirikiana.