Umenunua iPhone? Simu ya zamani usiiuze kwanza

Wateja wengi wanaokuja dukani kwetu hapa Majengo, Dodoma, wakitaka kuhamisha vitu kutoka Android kwenda iPhone huwa wamechelewa hatua moja. iPhone wameshaiwasha, wameshaweka neno la siri, picha ya mtoto ipo kwenye kioo, ndipo wanauliza: "Fundi, mbona WhatsApp yangu imekuja tupu?" Wengine wamekwenda mbali zaidi. Ile ya zamani wameshamuuzia mwanafunzi wa UDOM, tena ikiwa imefutwa safi. Hapo hata sisi hatuna cha kufanya.

Apple wana programu yao ya kuhamishia, Move to iOS, ipo Play Store na hailipiwi. Unaiingiza kwenye simu ya zamani. Upande wa iPhone kazi hufanyika ile mara ya kwanza unapoiwasha, ukifika ukurasa unaouliza data zako zitoke wapi. Unachagua kwamba unatoka Android, iPhone inakupa tarakimu, unaziandika kwenye simu ya zamani, kisha simu hizo mbili zinaunganishwa kwa WiFi zenyewe kwa zenyewe. Bando lako haliguswi. Ukiuruka ukurasa ule, njia ya kuurudia ni kuifuta iPhone yote na kuanza mwanzo. Kwa aliyeinunua jana si neno. Kwa aliyekaa nayo miezi miwili, mwenye picha za harusi ya dada yake humo, ni kazi nyingine kabisa.

Namba za watu, meseji za kawaida, picha, video, kalenda na akaunti za barua pepe huhama bila shida. Angalia tu nafasi. iPhone haina pa kuchomeka memori kadi, kwa hiyo kama simu yako ina GB 64 na kadi imejaa nyingine 64, usitarajie vyote viingie kwenye iPhone ya GB 64. Na namba ulizohifadhi kwenye laini miaka yote hii, zihamishie kwanza kwenye akaunti yako ya Google, maana iPhone inaweza kuzisoma kutoka kwenye laini lakini haihifadhi namba mpya huko.

Sasa WhatsApp, ambayo ndiyo hasa inayowaleta watu. Mteja anatuambia, "Mimi nina nakala, kila usiku inajihifadhi yenyewe." Ni kweli anayo, ila ipo Google Drive, ghala la Google la mtandaoni. WhatsApp ya iPhone haitafuti huko, inatafuta iCloud, ghala la Apple. Ni sawa na mtu kuweka hela CRDB halafu akaenda kudai dirisha la NMB: hela ipo, ila dirisha silo. Ndiyo maana ukiingiza namba yako kwenye iPhone inakwambia hakuna nakala, na wengi wanabonyeza kuendelea wakidhani zitakuja baadaye. Haziji.

Njia rasmi ipo tangu mwaka 2022, nayo inapita kwenye Move to iOS hiyohiyo. Katika orodha ya vitu vya kuhamisha unaichagua WhatsApp, inaandaa data zake, kisha inakutoa kwenye simu ya zamani. Usishtuke. Upande wa pili unaiingiza WhatsApp kutoka App Store, unaweka namba ileile, na inakuuliza kama uendelee kuhamisha. Simu zote mbili ziwe kwenye chaji muda wote. Mwenye magrupu ya kikoba, ya ofisi na ya ukoo, yote yamejaa video, ajue anaweza kukaa hapo saa nzima na zaidi, na akiifunga programu katikati ataanza upya. Kumbukumbu za simu ulizopiga kwa WhatsApp hazihami, meseji na sauti zinahama. Ukimaliza, nakala yako mpya itatengenezwa iCloud, ambako nafasi ya bure ni GB 5 tu. Google walikuwa wamekuzoesha GB 15.

Anayetoka iPhone kwenda Samsung au Android nyingine, mpango wa WhatsApp ni waya kati ya simu na simu. Azime iMessage, yaani meseji za Apple za iPhone kwa iPhone, kabla ya kutoa laini, la sivyo meseji za marafiki wenye iPhone zinaweza kuendelea kwenda kule alikohama.

Kuhusu pesa, watu wanaogopa bure. M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money na Halopesa zinafuata laini, hazikai kwenye simu. Chomeka laini, piga *150*00# au menyu ya mtandao wako, salio lipo. Programu za benki ndizo utakazojisajili tena. Ila kama iPhone uliyoagiza imetengenezwa kwa soko la Marekani na ni kuanzia iPhone 14, tazama ubavuni: haina kabisa mahali pa kuweka laini, inatumia eSIM peke yake, yaani laini iliyo ndani ya simu isiyo na kadi ya kuchomeka. Ulizia kwenye duka la mtandao wako kabla hujalipa, si baada ya mzigo kufika stendi Nane Nane.

Siku ya kuiuza ile ya zamani, ondoa akaunti ya Google kwanza ndipo uifute. Ukiifuta kwa vitufe bila kuitoa akaunti, itamdai mnunuzi barua pepe na neno lako la siri, na usiku utapigiwa simu. Sisi tunashauri ukae nayo wiki moja hivi, maana vinavyosahaulika huwa vinajitokeza taratibu: risiti ya ada kwenye mafaili, sauti iliyorekodiwa, noti za kikao cha Mtumba.

Kazi hii tunaifanya mezani, wewe ukiwa umekaa mbele yetu, na maneno ya siri unayaandika mwenyewe. PIN ya pesa hatuihitaji popote katika kazi hii. Fundi akikuuliza PIN, chukua simu yako uondoke. Taarifa zako pia zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo hakuna picha yako inayobaki kwenye kompyuta yetu.

Njoo na simu zote mbili, chaja zake, laini ikiwa hewani, na barua pepe unayoikumbuka neno lake la siri. Asubuhi ni bora kuliko jioni. Unalipa ukishafungua WhatsApp na kuona meseji zako mwenyewe.