Wasifu wa mama wa nyumbani usiishie kwenye hesabu ya wajukuu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme juu ya jambo linalojirudia karibu kila msiba wa mama ambaye maisha yake yote aliyatumia kulea na kuendesha nyumba. Wasifu wake husomwa hivi: alizaliwa, akaolewa, akajaliwa watoto 7, alikuwa mama wa nyumbani, ameacha wajukuu 22. Kisha unafuata ugonjwa, na huo ndio unaoelezwa kwa kirefu, hospitali kwa hospitali, kipimo kwa kipimo. Miaka 50 ya kazi imebanwa katika maneno matatu, na miezi minne ya kuumwa imepewa aya mbili.

Sababu iko wazi. Wasifu huandikwa usiku wa kuamkia mazishi, na kalamu hupewa mwenye kompyuta, aghalabu mtoto aliyeondoka nyumbani tangu alipokwenda bweni. Wanaojua ni dada zake marehemu, mashoga zake, wakwe zake na jirani wa mlango wa pili. Hao wako ndani mkekani au wanachambua mchele uani, na hakuna anayewafuata. Basi watumwe watu wawili na daftari, mmoja aulize na mwingine aandike, wakae nao nusu saa tu. Wasiulize "Mama alikuwa mtu wa namna gani?", kwa sababu jibu litakuwa mkarimu, mcheshi, mwenye upendo, maneno anayosomewa kila marehemu. Waulize vitu. Maji aliteka wapi? Alipika kwa watu wangapi? Nani alizaliwa mikononi mwake? Upatu aliushika yeye au alikuwa mchezaji tu? Watoto wa nani walikula kwake wakati mama zao wako shamba au wamelazwa?

Majibu ya namna hiyo yanahesabika. Nyumba ya watu 9 inayotumia ndoo 6 za lita 20 kwa siku, na bomba liko mita 400 kutoka mlangoni, maana yake ni lita 120 na karibu kilomita 5 za mguu kila siku, nusu yake akiwa na ndoo kichwani. Ukiisoma sentensi hiyo mbele ya waombolezaji, hata wajukuu waliokulia kwenye bomba la ndani watajua bibi yao alifanya nini. Maneno 500 au 600 yanatosha. Msomaji asiyekimbia atayamaliza kwa dakika 5 au 6, na ugonjwa upewe sentensi mbili. Kwa Waislamu, ambao maziko yao hayangoji, maelezo haya yanaweza kusomwa siku ya hitima au arobaini, na hapo muda wa kuyaandika vizuri upo.

Tarehe huleta ugomvi mara nyingi. Mama wengi wa umri huo hawakuandikishwa walipozaliwa, na tarehe iliyo kwenye kitambulisho ni ya kukadiria. Tafuteni kwanza cheti cha ndoa, na kwa Wakristo daftari la ubatizo la parokia au usharika, kisha pimeni kwa matukio: Uhuru wa 1961 ulimkuta anatambaa au anachunga mbuzi? Azimio la Arusha la 1967 lilimkuta kwao au kwa mumewe? Wakati wa vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, alikuwa na mimba ya mtoto yupi? Mvua za El Niño za 1997 zilibomoa jiko lipi? Matukio mawili yakikubaliana, andikeni "karibu mwaka 1952" na msione haya. Tarehe kamili ya kubuni itapingana na karatasi za mirathi baadaye.

Hesabu ya watoto nayo iandikwe kwa uangalifu mkubwa. Wanaosahaulika ni waliofariki wachanga, wa ndoa ya kwanza, na wale aliowalea bila kuwazaa. Mtu aliyenyonyeshwa au kusomeshwa na marehemu, akasikia jina lake limerukwa hadharani, huondoka msibani na donda. Rasimu isomwe kwa sauti mbele ya mama mdogo au shangazi kabla haijachapwa, jina kwa jina.

Lakini kazi kubwa ni ya kufanywa mama akiwa hai, na hapa ndipo ninapowasihi wasomaji wako. Simu inatosha kumrekodi sauti akisimulia. Zimeni feni na televisheni, wekeni simu umbali wa shubiri moja na mdomo wake, izimwe mtandao isije ikaita katikati, na msizidishe dakika 20 kwa kikao. Mama aliyekaa bure akiambiwa "tueleze maisha yako" hunyamaza. Mama anayekuna nazi au kuchambua mboga huzungumza mwenyewe, mkono ukimkumbusha.

Upishi wake ndio unaopotea wa kwanza, kwa sababu vipimo vyake ni kiganja, kopo na jicho. Msimuulize kiasi, hawezi kukitaja. Pimeni chombo cha mchele kwenye mizani kabla hajachota, kisha pimeni kilichobaki, na ile tofauti ndiyo kipimo chake. Fanyeni hivyo mara tatu, siku tofauti.

Chukueni mkate wa kumimina. Kwa kawaida ni mchele vikombe 2 uliolowekwa usiku kucha, tui zito kikombe 1 na nusu, na hamira kijiko 1 cha chai, vyote vikasagwa mpaka ukitia kidole usisikie chenga. Ukishaumuka ndipo inaingia sukari robo tatu ya kikombe, iliki na ute wa yai 1, unakoroga taratibu, unamimina kwenye kikaango chenye mafuta kidogo, moto mdogo chini, na vikichomoza vitundu juu unapalia makaa juu ya mfuniko. Kilichoandikwa hapo mtu yeyote atakijua. Cha mama ni kile kinachozuia mambo kuharibika. Chenga zikibaki huzama, na sehemu ya chini inakuwa ngumu. Sukari ikitangulia kwa wingi, hamira huzubaa. Ukiuacha mno kwenye joto la Tanga la Januari, unachacha. Ukikoroga kwa nguvu baada ya kuumuka, hewa inatoka na vitundu havionekani. Kwa hiyo kila anapofanya jambo, aulizwe: "Usipofanya hivyo, Mama, inakuwaje?" Swali hilo moja linatoa elimu nyingi kuliko mengine yote.

Kanga zake pia ni maandishi. Kabla ya kugawa nguo matanga yakishaanuliwa, kila kanga itandazwe na ipigwe picha, pindo na mji, yaani sehemu ya kati, vionekane na jina, yaani maneno yake, lisomeke, na pembeni iandikwe nani alimpa na kwa tukio gani: arusi, uzazi, sare ya harusi ya mwanaye. Zikishagawanywa haziwezi kukusanywa tena. Picha za zamani zipigwe upya karibu na dirisha, bila mwanga wa simu, zikiwa zimelala bapa. Majina ya waliomo yaandikwe nyuma kwa penseli, kwani wino wa kalamu hupenya na kutokea mbele. Mkitumiana kwa WhatsApp tumeni kama faili, maana ikitumwa kama picha ya kawaida hupunguzwa ubora, na ikikuzwa kwa ajili ya kuwekwa mbele ya jeneza sura inakuwa ukungu.

Wako watakaosema kazi za nyumbani si za kutangazwa. Sheria imekwishazitambua zamani. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitamka kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Kenya nayo, katika Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, imetaja kazi za nyumbani na malezi ya watoto kuwa mchango. Iwapo mahakama inazihesabu watu wanapoachana, ni haki zaidi watoto wake wenyewe wazihesabu siku ya kumzika.

Karatasi ikishasomwa, isiachwe kwenye faili la kamati ya mazishi pamoja na orodha ya michango. Kila mtoto apate nakala moja, na sauti ya mama iliyorekodiwa iwekwe katika simu zisizopungua tatu, katika nyumba tofauti.

Wako mtiifu,
Msomaji, Tanga