Ngoma ianzie mdomoni

Ndugu Mhariri,

Juzi mwalimu mwenzangu wa shule jirani alinieleza kwamba kwao kipindi cha muziki kimefutwa. Ngoma zimechanika na hela ya kuziwamba upya hakuna. Imeniuma, maana mimi nilifundishwa midundo migumu kuliko yote niijuayo kwa miezi minne bila kugusa ngoma.

Ilikuwa Chennai, kusini mwa India, nilikokwenda kusomea uhasibu. Jioni nilikuwa nikienda kwa mzee mmoja mpiga mridangamu, ngoma ndefu ya vichwa viwili ambayo mpigaji huilaza mbele yake akiwa amekaa chini. Yake ilikaa kabatini. Katika muziki wa Karnatiki, yaani muziki wa jadi wa kusini mwa India, mdundo hutamkwa kwanza, na ufundi huo wa kutamka wanauita konakoli. Tatu ni ta-ki-ta, nne ni ta-ka-di-mi, tano ni ta-ka-ta-ki-ta. Ukitaka saba, unaunga nne na tatu.

Mdomo ukitamka, mkono unahesabu. Mzunguko uitwao Adi una mapigo manane: kofi pajani, kidole cha mwisho, cha pete, cha kati; halafu kofi, geuza kiganja, kofi, geuza kiganja.

Zoezi lililonitoa jasho ni hili. Ta-ka-ta-ki-ta mara tatu ni silabi 15, na mizunguko miwili ya Adi ni mapigo 16. Basi kofi la kwanza unalipiga kimya, unaanza kutamka kwenye kidole cha mwisho, silabi moja kwa kila pigo. Ukimaliza ya 15, kofi linalofuata ndilo mwanzo wa mzunguko mpya, na hapo wote mnatua kwa "ta!" moja. Wiki nzima nilikosea, kwa sababu mkono ulikuwa ukikimbilia kule uliko mdomo. Mzee hakunikaripia. Alinishika kifundo cha mkono akawa ananihesabia yeye, mpaka jioni moja akaniachia nami nisijue ameniachia saa ngapi.

Leo nafundisha darasa la tano hapa Tanga, watoto 60 chini ya mwembe, na zoezi hilo wanaliweza. Kuna binti asiyefungua kinywa darasani. Kwenye konakoli ndiye anayewaongoza wenzake.

Wala si jambo geni kwetu. Marehemu mjomba wangu alipiga dumbaki kwenye taarabu, na kabla ya kunipa ngoma aliniimbisha "dum, tak" hadi nilale. Tatizo ni kwamba milio ya ngoma zetu nyingine siijui, na wanaoijua wanazeeka.

Kwa hiyo, Mhariri, kupitia gazeti lako nawaomba wapiga ngoma wazee wa mkoa huu waje watutamkie. Tunakutana kila Jumamosi, saa tatu asubuhi. Ngoma wasihangaike kubeba.

Mwalimu wa muziki, shule ya msingi,
Tanga