Somo yangu, niokoe na kimeta

Somo yangu,

Salamu sana, na baada ya salamu ni aibu. Tangu Idi sijakuandikia hata mstari. Sisi hatujambo, ni mafua tu ya masika. Bi Mkubwa anakusalimu na anaulizia kanga zake. Yule wa Chumbageni kaoa tena, usiniulize.

Lililonileta ni hili. Ile tafsiri niliyokwambia, kumbukumbu za yule mama wa Kiingereza, imekwama siku ya nne kwenye neno moja. Anasimulia usiku waliomkesha baba yake mgonjwa, nyumba nzima wananong'ona, kisha anasema ukimya ule ulikuwa "Maeterlinckian". Basi. Kaenda zake sentensi ya pili, kaniacha mimi na kamusi.

Waingereza wakimzoea mwandishi humtia mkia wa -ian wakamfanya neno la sifa. Chekhov ana mkia, Brecht anao. Shaw jina lake liligoma, wakalipitisha kwenye Kilatini likarudi na v: Shavian. Sisi mkia wetu hukaa mbele, nami nikauweka: "ukimya wa kimetalinki". Nikajipongeza, nikamsomea Mjomba. Unamjua, miaka yote ile na ng'ombe wake Handeni. Akavua miwani: "Kimeta tena? Hawakuchanjwa?"

Nilicheka mpaka nikalia, somo. Halafu nikaona kosa ni langu, si la masikio yake. Tena hata matamshi sikuyapatia, maana jina ni la Kiflemi na ile ae ni a ndefu, ingawa mwenyewe aliandika Kifaransa.

Ikabidi nimsome. Maurice Maeterlinck, Mbelgiji wa Ghent, kazaliwa 1862, Nobeli kapata 1911. Mwaka 1890 mwandishi Octave Mirbeau alimsifu gazetini Paris kwa kumlinganisha na Shakespeare, na kijana hajatimiza hata miaka 28! Mwaka huohuo alitoa mchezo wa jukwaani, L'Intruse. Watu wamekaa mezani, taa hafifu, mzazi mgonjwa yuko chumba cha pili. Babu kipofu anahisi kuna mtu kaingia. Wanamwambia hakuna mtu. Nje ndege wananyamaza, unasikika mundu ukinolewa. Anauliza tena, wanamwambia tena hakuna. Taa inazimika. Mwishowe mtawa anatokea mlangoni, anafanya ishara ya msalaba, neno hasemi. Kwisha. Nilizima simu nikakaa.

Kwa sababu usiku ule kwa Bi Mdogo nasi tulikuwa humo humo, si ndiyo? Bundi juu ya mwembe, chai imepikwa mara tatu hakuna aliyekunywa, na kila mtu anazungumzia bei ya nazi. Shemeji akatoka kumfukuza yule bundi kwa kokoto, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Mzungu yule angetukuta pale barazani angeandika tu.

Kwa hiyo jambo lenyewe tunalo. Jina ndilo hatuna. Na usiseme Waswahili hatufanyi majina kuwa maneno, Abunuwasi je? Abu Nuwas alikuwa mshairi mkubwa wa Baghdad, mashairi ya mvinyo, lakini kufika kwetu kavuliwa ushairi wote kabakiziwa ujanja. Mtu akikwambia "acha uabunuwasi" huendi kutafuta diwani. Yule alikuja na hadithi zake, watoto wanazijua. Maeterlinck hakushuka pwani hii. Na siamini kama Waingereza wenyewe wa leo wanamjua, au wanamjua kwa ule mchezo wake mwingine wa ndege wa buluu, uliochezwa kwanza Moscow 1908, watoto wa mkata kuni wanatafuta furaha. Ukimya wa kimeta na ndege wa furaha, uone!

Mhariri anataka jina libaki na tanbihi chini. Sitaki. Mtu anakata roho, nami nimtume msomaji chini ya ukurasa akasome mwaka wa kuzaliwa wa Mbelgiji? Nimeandika "ukimya wa nyumba inayosikiliza mlango". Jana usiku lilinipendeza. Leo asubuhi nimerudi nyuma, nikakuta yule mama kasema tangu sura ya pili kwamba baba yake ndiye aliyekuwa akimpeleka thieta. Sasa kama neno lile lilikuwa la baba, la mle nyumbani mwao, na mimi nimelifuta siku ya kifo chake... Hapo ndipo nilipo. Mlango wangu mzuri, lakini huenda ni wizi.

Wewe uliyesoma maonyesho Mlimani, huyu mtu mlimsoma, au mlimruka? Kwenye mazoezi ule unyamavu wa jukwaani mliuitaje, kulikuwa na neno? Nikiandika "ukimya kama wa michezo ya Maeterlinck, wa nyumba inayosikiliza mlango", ni kirefu mno? Au nimejaza maji kwenye supu? Utanijibu kabla ya Alhamisi? Na kanga za Bi Mkubwa unazo wewe, au zilibaki kwa shemeji?

Mjomba kaingia sasa hivi, anauliza wale ng'ombe wanaendeleaje.

Ni mimi, somo yako