Wawahi kabla ya ukuta

Ndugu yangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mara mbili. Pale uliposimulia wapiganaji wako watano walivyoteketea mbele ya mji mmoja tu, moyo uliniuma, kwa sababu katika Civilization VI, mchezo wetu wa kompyuta wa kujenga himaya na kupigana kwa zamu, nami nilikwama papo hapo kwa muda mrefu. Nakuandikia upesi kabla hujaanza mchezo mwingine.

Askari walikutosha, ila ulichelewa. Mji usio na ukuta una uhai wa 200, na kila pigo la rungu linauingia. Ukuta wa kwanza ukisimama, kinga ya 100 inatangulia mbele ya uhai huo, na mji unaanza kukufyatulia mishale kila zamu. Marungu matupu kwenye ukuta hayafui dafu.

Kwa hiyo anza na warusha kombeo wawili watatu. Mmoja wao akimmaliza mvamizi yeyote, utafiti wa upigaji mishale unasogea hatua kubwa. Dhahabu usiiguse mpaka hapo, kisha wapandishe daraja wote kwa mkupuo wawe wapiga mishale. Mpiga mishale anapiga akiwa vigae viwili mbali (vigae ni vile vipande vya ramani vyenye pembe sita), na mji usio na ukuta hauna cha kumrudishia. Ila mji hautekwi kwa mishale: lazima mpigaji wa mkono, yaani askari wa kupigana ana kwa ana, aingie ndani, basi mtunze mmoja mzima kwa pigo la mwisho.

Sasa jambo ambalo naona hukulijua, na ndilo lililobadilisha vita vyangu vyote. Mji usiozingirwa unajiponya 20 kila zamu, kwa hiyo ulikuwa unachota maji kwa pakacha. Kuuzingira hakuhitaji askari sita. Kila mpigaji wa mkono hubana vigae vinavyopakana naye, adui asipite kwa uhuru, hivyo wawili wakisimama pande zinazotazamana, mji mzima umefungwa. Mto ukipita katikati unakata huo ubanaji. Hapo ongeza wa tatu. Wapiga mishale hawabani kitu, usiwahesabu.

Majeruhi usiwaache wafie pale. Ndani ya ardhi ya adui wanapona 5 tu kwa zamu, nje kidogo, pasipo na mwenyewe, 10. Na kama kuna shamba karibu, lipore: askari anapata uhai wa 50 hapo hapo. Nimeshaokoa vita viwili kwa shamba moja.

Ukikuta ukuta umeshasimama, usirudi nyumbani. Tafiti uashi, tengeneza gogo la kubomolea, liweke lipakane na mji, na marungu yako yatauma ukuta kama kawaida. Manati ni mazuri lakini yanachelewa mno kwa vita vya mapema.

Uliniuliza kama mji uliotekwa uchomwe. Mimi ningeubakiza, hata ukiwa umepungua watu. Tatizo lake ni uaminifu: ukiuteka mmoja ukasimama, miji ya adui iliyo jirani inaweza kuuvuta mpaka ukuasi. Peleka gavana, acha askari mmoja ndani, na wapiga mishale waondoke zamu ileile kuelekea mji wa pili, maana nao hapo unaharakisha ukuta wake.

Niandikie ukifika zamu ya 50, uniambie jirani yako ni nani na mji wake umekaa kilimani au tambarare.

Rafiki yako wa siku zote