Kabla ya kununua tai ya kwanza, tuonyeshe mashati yako

Karibu kila wiki kijana huingia dukani kwetu hapa Kariakoo, barua ya ajira iko kwenye simu, Jumatatu anaripoti kazini, na anataka tai. Ukimuuliza tai gani, mara nyingi anajibu, "Ile inayong'aa." Au ananyoosha kidole kwenye boksi la seti: shati, tai na kitambaa cha mfukoni, vyote rangi moja. Seti hizo tunazo na zinauzika vizuri siku za harusi. Ila kwa anayeanza kazi huwa tunamzuia. Tai ya seti ina shati moja tu duniani, na siku shati hilo likiwa kwenye beseni la kufulia, tai nayo inabaki kabatini.

Ndiyo maana swali letu la kwanza ni kuhusu mashati. Una yapi? Wengi wana meupe mawili matatu, moja la bluu ya mbingu, pengine na la mistari myembamba. Kwa mashati hayo tai nne zinatosha kabisa, na wala si lazima uzinunue siku moja.

Ya kwanza iwe bluu iliyokolea, isiyo na maua na isiyong'aa. Hata kama fedha inatosha tai moja tu, nunua hiyo. Inakaa juu ya shati jeupe, la bluu na la mistari, chini ya suti ya kijivu au nyeusi, kwenye usaili, benki, mahakamani ukiwa mtazamaji, kanisani. Kanuni tunayoifuata ni rahisi: tai iwe imekolea kuliko shati. Tai inayong'aa inavuta macho ya watu kifuani wakati wewe unataka wakutazame usoni, na uzi wake ukikwaruzwa na mkanda wa begi mara moja tu, kila mtu anaona.

Ya pili, damu ya mzee. Ya tatu, bluu au kijivu yenye vidoti vidogo. Ukipenda mistari ni sawa, ila usiivalie shati lenye mistari ya upana uleule. Ya nne ndiyo ninayoipenda mimi, ya kufuma, ile ambayo ncha yake imekatwa bapa. Haionyeshi mikunjo, na inapendeza Ijumaa ukiwa na mikono mirefu bila koti, jambo ambalo kwa joto la Dar si anasa.

Nyeusi isubiri mpaka uihitaji msibani. Na kwenye usaili epuka rangi zinazokusemea kabla hujafungua mdomo: kijani na njano pamoja itasomeka kuwa ya CCM au Yanga, nyekundu kali utaulizwa habari za Simba.

Kuhusu kitambaa, hatumkatishi mtu tamaa na poliesta. Poliesta nzuri isiyong'aa inavumilia jasho na matone ya masika kuliko hariri, na bei yake ni nafuu. Hariri inashika fundo vizuri zaidi na rangi yake ina kina, lakini tone la maji tu linaweza kuacha alama. Ninachokuomba ukague, ya hariri au ya poliesta, mpya au ya mtumba, ni ukataji wake. Tai hukatwa mshazari, ili inyumbuke ikivutwa na kurudi ilivyokuwa. Ishike kwa ncha nyembamba uiache ining'inie. Ikijizungusha kama kamba, imekatwa vibaya na itakusumbua shingoni kila siku. Kisha igeuze: mgongoni kuna mshono mrefu, na mara nyingine uzi wake umeachiwa kitanzi kidogo mwishoni. Usiukate! Wateja kadhaa wameturudishia tai zilizofumuka kwa sababu walidhani ni uzi uliosahaulika, kumbe ndio unaoiruhusu tai kunyumbuka.

Upana wa sentimita 7 hadi 8 unamfaa karibu kila mtu. Zile nyembamba za sentimita 5 zinamfanya mtu mwenye kifua kipana aonekane mpana zaidi. Urefu wa kawaida ni sentimita 145 hadi 150, na ukishaifunga, ncha iguse mkanda wa suruali. Kama wewe ni mrefu sana, sema mapema, tutafute ndefu.

Sasa fundo. Wengi wetu tulifungiwa tai shuleni na kaka au mwalimu, tukawa tunailegeza na kuivua kichwani muhula mzima bila kulifungua fundo. Tabia hiyo ndiyo inayoua tai za kazini: kitambaa kinakomaa na mikunjo palepale shingoni. Jifunze fundo moja jepesi. Upande mpana upite juu ya mwembamba, uuzungushe nyuma, uulete mbele tena, uupandishe shingoni kutoka chini, kisha uushushe ndani ya kitanzi cha mbele. Kabla ya kukaza, bonyeza kwa kidole chini ya fundo ili pabaki kishimo kidogo. Jioni fungua kwa kurudi njia ileile, usiivute ncha nyembamba kwa nguvu, kisha iviringishe kama mkeka uilaze usiku. Asubuhi mikunjo mingi imekwisha.

Ukipanda daladala au mwendokasi, usiivae njiani. Ibebe imeviringishwa ndani ya begi, ufunge ukifika.

Pasi usiipitishe juu ya tai. Inabapa kingo ambazo zinatakiwa kuwa za mviringo. Mvuke wa birika unatosha, mkono ukiwa mbali kidogo. Mchuzi ukidondoka, gandamiza kitambaa kikavu, usisugue.

Kwa anayeanza kazi, tupigie picha mashati yako yakiwa yametundikwa mchana karibu na dirisha, uje nazo. Tutakaa pamoja kwenye kioo, utafunga fundo mwenyewe mpaka mkono uzoee, bila malipo, hata kama tai umeinunua kwingine. Na iliyofumuka mgongoni iletwe na uzi wake, fundi wetu ataishona.