Makala kuhusu George Mason imeacha nusu ya habari

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma makala yenu kuhusu George Mason, mwanasiasa wa karne ya 18 wa jimbo la Virginia, Marekani. Imeandikwa vizuri, ila mwandishi amemsafisha mno mzee huyo. Ni kweli aliandika rasimu ya Azimio la Haki la Virginia la 1776, na mwaka 1787 alikataa kutia saini Katiba ya Marekani kwa kuwa, pamoja na mengine, haikuwa na orodha ya haki za raia. Hapo sina ubishi.

Lakini kanali huyu wa wanamgambo wa Fairfax, mjumbe wa bunge la Virginia, aliishi kwa tumbaku iliyolimwa na watumwa. Mmeisifia nyumba yake ya Gunston Hall mpaka nakshi za mbao, wala hamkuigusa Log-Town, kijiji cha vibanda vya magogo ya msonobari walimokaa watumwa wa nyumbani. Kilikuwa ndani ya miti, mbali kidogo, kiasi cha kutoonekana kutoka nyumba kubwa. Aliyeyasimulia hayo si adui yake. Ni mwanawe, John.

Mwandishi ameinukuu pia hotuba ya Agosti 1787, Mason aliposema kila mwenye watumwa huzaliwa dikteta mdogo. Maneno mazito hayo! Basi angeendelea hadi Juni 1788, kwenye mkutano wa Richmond wa kuijadili Katiba. Huko Mason alilalamika kwamba Katiba imeruhusu watumwa kuingizwa nchini kwa miaka 20 zaidi, na papo hapo akalalamika kwamba haikuwahakikishia Wavirginia ulinzi wa watumwa waliokuwa nao tayari. Alichokipinga ni kuletwa kwa wapya; waliokwishafika aliwahesabu mali.

Najua nitajibiwa kwamba ndivyo zama zile zilivyokuwa. Sheria ya Virginia ya 1782 ilimruhusu bwana kuwaacha huru watumwa wake, na mwaka 1791 Robert Carter, tajiri wa Virginia hiyohiyo, alisajili hati ya kuwaacha huru zaidi ya 450. Mason alifariki mwaka uliofuata, naye hakufanya hivyo. Wosia wake wa 1773 unawagawa watumwa kwa watoto wake, mmoja mmoja kwa majina.

Kama mna mpango wa kuchapisha sehemu ya pili, mwandishi aanze na majina hayo.

Msomaji wenu,
Dodoma